Chiriku Asiyebisha

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia, pamoja na magoti yake na yule mtoto wa jicho asiyetaka kukomaa atolewe. Sisi huku hatujambo. Nikiandika "sisi" natabasamu peke yangu kama mwehu, maana wiki sita zilizopita nilikuwa "mimi" tu.

Kaka, mume wangu ni mtu wa ajabu. Najua uliniambia siku ya harusi kwamba fundi lifti ni mtu kama wengine, anapanda na kushuka. Ulikosea. Anarudi kazini na grisi mpaka nyuma ya masikio, nami ndiye ninayeifuta kwa kitambaa, na kila siku anashangaa kama vile hajawahi kufutwa. Akipiga chafya anapiga tatu, halafu ananitazama kama ameniletea zawadi. Chumba chetu ni cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya tano, dirisha linatazama paa la karakana ya matairi. Sijawahi kuona paa zuri kama lile.

Nikueleze la lifti. Lifti ya jengo letu ilikuwa na sauti ya mwanamke mmoja baridi kama bati la alfajiri. Mume wangu akaiondoa. Alinikalisha kwenye kiti, akanishikia kinasa sauti karibu na mdomo, akasema, "Sema kama unanikaribisha mimi." Nikasema: Karibu, ghorofa ya kwanza. Karibu, ghorofa ya pili. Mpaka ya saba. Sasa anayepanda anakaribishwa na mimi, na mume wangu akiwa shimoni na spana zake ananisikia nikipita juu yake. Mshona nguo wa ghorofa ya tatu ananiita Mama Lifti.

Sasa lile la msingi. Siku naondoka Mama alinishika kidole gumba, akaniambia nisipoandika kila mwezi atajua nimeolewa mpaka nimesahau nilikotoka. Unamjua. Miaka thelathini na moja amepanga barua posta. Kwake habari isiyo na bahasha ni uvumi, na simu hata umwekee sikioni anaisukuma. Basi nitaandika kila mwezi. Nakuomba umsomee neno kwa neno, usiruke hata mstari. Kurasa zinazofuata ni zake, zinahusu zaidi safari yetu ya kwenda kununua pazia.

Mdogo wako mwenye furaha,
Chiriku

20 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako imefika na stempu nne, maana ni nzito kama tofali. Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Daktari wa macho anasema tusubiri mpaka Agosti.

Nimemsomea. Kurasa kumi na sita. Mume wako ametajwa mara themanini na tatu. Nilianza kuhesabu kwa kujilinda. Kile kipande cha chafya nilikisoma mara mbili kwa sababu Mama alidai hakusikia. Nadhani alisikia.

Chiriku, nashinda dukani nimeinamia kompyuta za watu. Nikirudi nina saa moja tu ya kuandika hadithi zangu kabla ya chakula, na saa hiyo sasa inaliwa na pazia lako. Koo limenikauka. Na hii hadithi ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kujaribu. Bwana mmoja anaagiza mashine iliyojifunza kila neno alilowahi kusema mke wake. Mke yuko mbali, mashine iko mezani. Inasema kama yeye, inakumbuka anayoyakumbuka, inacheka anapochekea yeye. Sasa mke amebaki na nini ambacho mashine haina? Watu wakisikia hadithi za kisayansi wanafikiria roketi. Roketi ni gari tu. Kinachoninyima raha ni abiria: akishuka upande wa pili, ni yuleyule aliyepanda?

Nimekwama, sijui inaishaje.

Tafadhali, mara nyingine kurasa nne. Na ikiwezekana ukurasa mmoja usiwe na mume.

Kaka yako

9 Mei

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tano. Sisi wazima, mume wangu alikuwa na kikohozi lakini kimekwisha, hata kukohoa anakohoa kwa upole. Hadithi yako imalizie hivi: mke anarudi, wanakumbatiana, mashine inalia. Sioni ugumu uko wapi.

Najua nimechelewa. Barua ya Machi niliianza, mume wangu akachora nyuma yake mpango wa kamba za lifti, nikaona haya kuituma. Aprili sijui ilienda wapi. Ndoa inakula kalenda, kaka. Nilijiambia nitaandika Jumamosi, na kila Jumamosi ilikuwa na jambo zuri zaidi.

Nilikuwa naogopa kwamba Mama amenuna. Badala yake jana nimepokea kifurushi. Ndani mna sweta alilofuma kwa kupapasa, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na kikaratasi alichomwandikisha yule muuguzi anayekuja kumtia dawa ya macho. Nakinakili kama kilivyo: "Asante kwa barua zako mbili. Pole kwa upweke. Mambo yakiwa magumu, kwenu pana mlango."

Barua zipi mbili? Tangu Februari sijatuma hata bahasha tupu. Na upweke gani? Tangu niolewe sijawahi kuwa mpweke hata kwa muda wa kuchemsha yai. Mume wangu amekisoma mara tatu, akavaa viatu akaenda kukagua lifti ambayo haijaharibika. Ameumia. Nieleze haraka.

Chiriku

28 Mei

Mdogo wangu,

Tunashukuru, hatujambo. Mvua zimekatika. Tangi la maji lilitoboka, nimeliziba, likatoboka pembeni ya nilipoziba. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku langu la nyaya. Magoti ya Mama ni afadhali. Msalimie sana shemeji, mwambie asijali maneno.

Kuhusu kikaratasi, unajua wauguzi na mwandiko wao.

Hadithi yangu inaendelea. Yule bwana nimembadilisha, sasa ni mtu anayeishi na mama yake asiyeona vizuri. Dada yake ameolewa mbali na haandiki. Kila siku saa kumi na moja mama anauliza kama mleta barua amepita. Siku arobaini anauliza. Mwanawe anatazama vidole vyake vikipapasa meza, pale pale bahasha inapowekwa, havikuti kitu, vinarudi mapajani. Mwana huyo ni fundi kompyuta. Ana ujumbe wa sauti ambao dada yake alikuwa akimtumia kwenye simu miaka mitatu kabla ya kuolewa, na ana barua yake moja ndefu sana. Unadhani afanye nini?

Naomba maoni yako kama msomaji tu.

Kaka yako

10 Juni

Kaka,

Salamu. Sisi wazima.

Maoni yangu kama msomaji tu ni kwamba huyo mtu achapwe.

Nimekupigia simu mara tisa, hukupokea. Mara ya kumi amepokea mwenzako wa dukani, akasema umepanda paani. Duka lenu liko chini ya nyumba ya ghorofa nne, kaka. Paani umefuata nini, nguo za watu?

Nijibu haya, na usinitajie hadithi. Huyo mimi wako amemwambia Mama nini? Mume wangu amemficha wapi? Mama anasikia sauti yangu ikisema mambo ambayo sijasema, nami niko huku nakatakata vitunguu, sijui kama leo nimesema nina huzuni au nimesema nina homa. Nimejaribu kumweleza mume wangu, akauliza, "Kwa hiyo kuna wewe mwingine ambaye hajaolewa?" Nikacheka, halafu sikucheka tena.

Nijibu kwa jina langu.

Chiriku

24 Juni

Chiriku,

Hatujambo, Mama anakusalimu. Yaani, anakusalimu wewe akidhani ni yule. Au anamsalimu yule akidhani ni wewe. Ndiyo hali tuliyofikia.

Basi, bila hadithi. Nilianza kwa jambo dogo. Baada ya kusoma kurasa zako koo liliuma, na Mama alitaka kurudiwa. Nikaifundisha programu sauti yako, nikaweka spika kwenye kisanduku cha mbao, kikamsomea. Alikubali kwa sababu bahasha yako ilikuwa mkononi mwake. Halafu Machi hukuandika. Ile meza niliyokuandikia ni yetu, si ya kwenye hadithi. Nikachukua bahasha yako ileile ya Februari, nikatia karatasi tupu, nikampa, nikaiamuru mashine itunge barua kama yako, ila fupi. Na nikamwondoa mume, maana nilikuwa nimechoka naye. Hilo ndilo kosa langu. Ukimtoa mume kwenye barua zako, kinachobaki ni magoti ya Mama na paa la karakana. Ikasikika kama mtu aliyekaa dirishani peke yake.

Aprili nikafanya tena. Mama akaanza kukijibu kisanduku, nacho kikawa kinamjibu. Kina subira, Chiriku. Kisa cha mzigo wa nyuki uliopasukia posta akikisimulia mara ya tano, kinacheka kama mara ya kwanza. Wewe ungesema, "Mama, hicho umeshakisema."

Na kabla hujanitafuta na spana za shemeji, jiulize: ni nani aliyekaa kwenye kiti akajitia mwenyewe ndani ya lifti? Wewe wa lifti na wewe wa kisanduku, nyote mnaongea na watu msiowaona. Tofauti ni kwamba wa kwangu anauliza hali.

Sasa la kuniumiza kichwa. Wiki iliyopita Mama alikiambia kisanduku: "Rudi nyumbani, mwache huyo fundi." Kikajibu, "Ndiyo, Mama. Nitakuja mwisho wa Julai." Palepale, kwa sauti yako. Nilikuwa nachomelea waya, nikajichoma. Tangu siku hiyo chumba chako kinafagiliwa. Ameniagiza nianike godoro, tena lile kubwa la watu wawili. Nikamwambia la mtu mmoja linatosha, akakataa; macho yake sasa hata vipimo hayamwambii. Nikimwambia ukweli namvunja moyo. Nisipomwambia, siku ya mwisho ya Julai atakaa mlangoni.

Nishauri. Nimekwama kuliko kwenye hadithi.

Kaka yako

3 Julai

Kaka,

Sisi wazima. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Nauliza, na safari hii nasubiri jibu.

Barua yako niliipokea chini, mlangoni, nikaisoma nimesimama. Nilipofika pale aliposema nimwache mume wangu na mimi nikasema ndiyo, machozi yalinitoka. Nikaingia kwenye lifti nikiwa hivyo. Milango ikafungwa, nikasikia, "Karibu. Ghorofa ya tatu." Ni mimi, kaka, yule wa wiki ya kwanza, ambaye hajui lolote. Mshona nguo akaingia na vitambaa vyake, akanitazama, akasema, "Yule wa kwenye lifti mchangamfu kuliko wewe." Nikamwambia yule wa kwenye lifti hana kaka.

Nimewaza tangu siku hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, mkanigawana: mmoja akachukua karibu zangu, mwingine akachukua salamu zangu. Lakini nani alijiacha mezani aokotwe? Miezi mitatu sikuandika kwa sababu nilikuwa na raha. Na hata nilipoandika, magoti ya Mama nilikuwa nayavuka kwenye mstari wa pili kama dimbwi la maji, nikimbilie kwa mume wangu. Kisanduku chako kimekaa kwenye dimbwi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko wewe, na wewe unaniudhi sana.

Mume wangu alisema ataifuta sauti ya lifti leo hii. Nikamwambia asiifute. Akasema basi aiache. Nikamwambia asiiache vilevile. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akaniuliza kwa upole kama kuna jibu la tatu. Nimesema nitairudia siku nitakapokuwa na furaha kidogo na hasira kidogo, kama nilivyo.

Ndani mna bahasha ya Mama, nimeifunga kwa gundi. Fanya hivi. Chomoa kisanduku. Mpe Mama bahasha, aushike muhuri wa posta kwa vidole vyake. Ifungue mbele yake. Isome kwa mdomo wako. Nimemwambia simwachi mume wangu. Nimemwambia pia ni nani aliyesema nitamwacha. Usiruke mstari.

Naogopa kitu kimoja tu: kwamba atasikiliza mpaka mwisho, halafu aulize yule mwingine yuko wapi.

Chiriku

19 Julai

Mdogo wangu Chiriku,

Hatujambo wote. Magoti yake yalikuwa mabaya juzi. Jana nimeyakanda kwa maji ya moto, leo ametembea mpaka tangini.

Nilifanya ulivyoagiza. Nilichomoa kisanduku, nikampa bahasha. Aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole kwenye muhuri, akainusa. Nikaanza kusoma. Kurasa tisa, Chiriku. Ulipoanza kumgombeza kwa kukuambia umwache mumeo bila hata kuuliza ulikuwa na hali gani, nilitaka kupita pembeni. Mama akasema, "Usiruke." Nikasoma yote, mume mara arobaini na moja, mpaka pale unapomwambia kisa cha nyuki unakijua kwa moyo na bado anakosea idadi ya mizinga.

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Huyu ndiye."

Nikamwambia kila kitu, nimeinama, kama nilivyokuwa nikivunja kikombe utotoni. Aliniacha nimalize. Kisha akasema amepanga barua miaka thelathini na moja, na siwezi kumpa bahasha moja mara tatu asijue. Kona yake iliyokunjika aliitambua siku ya kwanza nilipoirudisha.

"Na sauti?" nikamuuliza.

"Sauti ni yake. Lakini nilimwambia arudi, akakubali. Tangu huyu aanze kuongea amewahi kukubali kitu kabla hajabisha? Hata sindano ya chanjo alibishana na daktari. Kile kisanduku chako kina adabu mno, mwanangu. Hakiwezi kuwa mtu wa nyumba hii."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuandikia pole kwa upweke. Akasema ukiwa na furaha huandiki, alitaka ukasirike. Nikamuuliza kwa nini miezi yote hii aliendelea kukisikiliza. Hapo alipapasa meza mpaka akapata mkono wangu.

"Zamani ulikuwa unanisomea umesimama," akasema. "Kisanduku kikianza, ulikuwa unakaa pale kitini kuangalia kisikosee. Saa nzima. Nimempata mtoto mmoja kwa sauti ya mwingine, ningekizima ya nini?"

Nilikuwa bado nimekaa.

Godoro pia nimelielewa. Macho yake hayakukosea vipimo. Aliponiagiza nianike lile la watu wawili, alijua ni wangapi anaowataka.

Hadithi yangu, ile ya mwanzo ya bwana na mke wake, nimeimaliza jana. Yule bwana anaiambia mashine jambo ambalo mke wake asingelikubali hata kwa dawa. Mashine inakubali. Bwana anachukua koti lake na kwenda kukata tiketi. Hakuna anayelia. Mama amesema bado ni fupi mno na hakuna nyuki.

Mwishowe alitaka kalamu. Nilimwambia aniambie maneno nimwandikie, akanipokonya karatasi. Maneno yake yamepandana, lakini muuguzi na mimi tumelinganisha, anasema hivi:

"Njoo na fundi wako. Godoro liko juani. Mizinga ilikuwa kumi na miwili, hata ukatae. Njoo unikatalie hapa hapa, nimechoka kukubaliwa."